Meksiko, Brazil, Virginia au Quebec: uanzie wapi kusoma ujio wa Wazungu Amerika?

Mwanafunzi wa kidato cha tano alinijia na daftari lililojaa tarehe. Columbus 1492, Cabral 1500, Cortés 1519, Cartier 1534, Jamestown 1607. Zote sahihi. Nikamuuliza, "Katika hawa, ni yupi unayemjua?" Akanyamaza kidogo, kisha akajibu, "Mwalimu, nawajua majina tu."

Hakuwa mvivu. Habari yenyewe ni pana: mabara mawili, falme nne au tano za Ulaya, mamia ya jamii za wenyeji, na zaidi ya miaka mia moja kabla mambo hayajaanza kutulia. Anayejaribu kuishika yote kwa mara moja hubaki na majina ya merikebu. Nilimwambia ninalomwambia kila anayeniuliza: chagua mahali pamoja, upajue hadi vichochoro vyake, ndipo uende kwingine. Kazi iko kwenye kuchagua. Hapa nimeweka sehemu nne ambazo naona kila moja inaweza kumbeba msomaji anayeanza: Meksiko ya Wahispania, Brazil ya Wareno, Virginia ya Waingereza na Quebec ya Wafaransa.

Maneno mawili kwanza. Nikisema Amerika nina maana ya mabara, kaskazini hadi kusini. Marekani ni nchi, na katika miaka tunayoizungumzia haikuwepo. Pili, vitabu vyetu vya zamani huwaita wenyeji "Wahindi Wekundu". Jina hilo lilitokana na kosa la Columbus, aliyedhani amefika pembezoni mwa Asia, na si jina walilojipa wenyewe. Walikuwa na majina yao, nami nitayatumia.

Utauliza mbona Karibi haimo, ilhali ndiko Columbus alikofikia. Kisiwa cha Hispaniola kinastahili kusomwa kama mlango: hapo ndipo Wahispania walipojifunza kugawana wenyeji kama vibarua, na hapo ndipo Wataino, wenyeji wake, walipokaribia kuisha katika nusu karne kwa maradhi, njaa na kazi za migodini. Lakini Wataino hawakutuachia maandishi, na mabwana zao waliandika mengi ya kujitetea. Kwa anayeanza, naona ni pagumu mno. Ukipita mlango huo, kumbuka pia Mkataba wa Tordesillas wa 1494, ambao Hispania na Ureno walichora mstari baharini na kugawana dunia ambayo hawajaiona. Mstari huo ndio ulioiweka Brazil upande wa Ureno.

Vipimo vitano

Nimepima kila mahali kwa mambo matano yaleyale.

La kwanza ni walichofuata, yaani mali iliyowavusha bahari. Kwangu hiki ndicho kipimo kizito kuliko vyote. Anayetaka madini anahitaji watu wa kuchimba. Anayetaka shamba anataka ardhi tupu, na watu wa kulima awalete kutoka kwingine. Anayetaka ngozi za wanyama wa porini anahitaji mwenyeji abaki porini, awe mwindaji na mshirika. Ukijua mgeni alifuata nini, nusu ya mwenendo wake unaweza kuikisia kabla hujaisoma.

La pili ni wenyeji: walikuwa nani na walikuwa na nguvu gani. La tatu ni sauti zilizobaki, maana historia ya vita hivi mara nyingi imesimuliwa na upande mmoja. La nne ni Mwafrika: aliingia lini, na kwa namna gani. La tano ni njia ya kuingilia kwa msomaji wa Kiswahili, yaani lugha ya vyanzo na kama kuna uzi unaofika hadi kwetu.

Meksiko (1519–1521 na baadaye)

*Walichofuata.* Dhahabu kwanza, kisha fedha ya madini, hasa baada ya machimbo ya Zacatecas kugunduliwa mwaka 1546. Kupata watu wa kazi walitumia enkomienda: Mhispania anakabidhiwa vijiji, vijiji vinamlipa kodi na nguvukazi, naye kwa maneno ya karatasini anapaswa kuwalinda na kuwafundisha Ukristo. Mfalme alijaribu kuubana utaratibu huo kwa sheria za mwaka 1542. Waliokuwa nao waligoma kuuachia.

*Wenyeji.* Hapa ndipo Meksiko inapozishinda sehemu nyingi kwa utajiri wa habari. Tenochtitlan, mji mkuu wa Wameksika (vitabu vingi huwaita Waazteki), ulikaa katikati ya ziwa, ukiunganishwa na nchi kavu kwa barabara za tuta, na soko la Tlatelolco lililo ubavuni mwake liliwaacha Wahispania midomo wazi. Hernán Cortés alifika pwani mwaka 1519 na askari wapatao 500 na farasi 16. Wengi husimulia kwamba watu 500 waliiangusha dola. Si kweli. Dola iliangushwa na maelfu kwa maelfu ya wapiganaji wa Tlaxcala, adui wa siku nyingi wa Wameksika, na wa miji iliyochoka kuwalipa kodi, Wahispania wakiwa kati yao. Hata vyombo 13 vya kuuzingira mji kwa upande wa ziwa vilichongwa Tlaxcala vipande vipande, vikavushwa milimani kwenye mabega ya wenyeji. Halafu mwaka 1520 ikaja ndui, ikaua hata mtawala mpya, Cuitláhuac, aliyekuwa madarakani kwa majuma machache tu. Mji ulianguka tarehe 13 Agosti 1521.

Kuna jambo moja ambalo hupenda kuliigiza darasani. Cortés anasema neno kwa Kihispania. Jerónimo de Aguilar, Mhispania ambaye merikebu yake ilivunjika mwaka 1511 akaishi miaka minane kwa Wamaya, analigeuza kuwa Kimaya. Malintzin, msichana aliyezaliwa kwa Wanahua, watu wa lugha moja na Wameksika, kisha akatiwa utumwani kwa wasema Kimaya, analipokea na kulitia katika Kinahua. Ndipo linamfikia Moctezuma, mtawala wa Wameksika. Jibu lake linarudi kwa njia ileile, mdomo kwa mdomo. Weka wanafunzi wanne mbele ya darasa, wa kwanza amnong'oneze wa pili sentensi moja kuhusu kodi na mfalme, halafu sikiliza kinachotoka kwa wa nne. Baada ya hapo hakuna atakayesoma "Moctezuma alikubali kumtii mfalme wa Hispania" bila kujiuliza ni nani aliyesikia nini. Malintzin alijifunza Kihispania baadaye, akawa mkalimani peke yake. Alikuwa mtumwa aliyekabidhiwa kwa wageni pamoja na wanawake wengine 19, na kumwita msaliti kwa wepesi ni kumwonea.

*Sauti.* Upande wa Wahispania kuna barua za Cortés kwa mfalme Charles. Zisome ukijua kwamba aliondoka Cuba akimpuuza gavana wake, hivyo alikuwa na kila sababu ya kujikweza. Upande wa Wanahua kuna hazina: Bernardino de Sahagún, mtawa Mfransisko, pamoja na wasomi wa Kinahua walioelimishwa Tlatelolco, walikusanya juzuu 12 kwa Kinahua na Kihispania, zenye michoro mingi, zikakamilika katika miaka ya 1570. Nakala yake iko Florence. Juzuu ya 12 inasimulia vita kwa maneno ya waliovishindwa. Nayo ina upande: wasimulizi wake wengi walikuwa watu wa Tlatelolco, na jirani zao wa Tenochtitlan hawatoki vizuri.

*Mwafrika.* Yumo tangu mwanzo. Juan Garrido, Mwafrika huru, alikuwa katika jeshi la Cortés, na anatajwa kuwa wa kwanza kupanda ngano Meksiko. Baadaye bandari ya Veracruz ikawa lango la watumwa, na milima ya karibu ikawa kimbilio la Yanga, mtumwa aliyetoroka, na wenzake, ambao baada ya miaka mingi ya mapambano walipata mji wao ukatambuliwa.

*Njia ya kuingilia.* Vyanzo ni vya Kihispania na Kinahua, lakini tafsiri za Kiingereza ni nyingi na nzuri. Uzi wa kwetu upo, tena mezani: mahindi yalianza kulimwa huko huko Meksiko maelfu ya miaka iliyopita. Na riale, neno la wazee wa pwani kwa sarafu ya fedha, limetufikia kwa Kiarabu kutoka sarafu ya Wahispania, *real*. Fedha nyingi ya sarafu hizo ilichimbwa Meksiko na Potosí, katika Bolivia ya leo.

Inamfaa anayetaka kusikia pande mbili za habari moja. Haimfai mwenye haraka. Majina yanachosha mwanzoni, na siasa za miji ya bonde lile zinataka utulivu.

Brazil (1500 na baadaye)

Nikiri mapema kwamba Brazil naipenda, na sababu ni Kilwa.

Pedro Álvares Cabral aliondoka Lisbon Machi 1500 na merikebu 13, safari ya India. Alipozunguka kwa mbali magharibi kutafuta upepo, tarehe 22 Aprili akaona mlima ng'ambo ya bahari. Wakakaa pwani siku kama kumi. Mwandishi aliyekuwemo, Pero Vaz de Caminha, akamwandikia mfalme barua tarehe 1 Mei. Anaeleza jinsi vijana wawili Watupiniquim, wenyeji wa pwani hiyo wa jamii ya Watupi, walivyopandishwa merikebuni usiku. Wakaonyeshwa kasuku, wakamshika bila wasiwasi. Wakaonyeshwa kondoo, hawakumjali. Wakaonyeshwa kuku, wakamwogopa, hawakutaka hata kumgusa. Wakapewa mkate, samaki, asali, mvinyo. Wakaonja kidogo na kuvitema. Mmoja akautazama mkufu wa dhahabu wa nahodha, akanyoosha mkono kuelekea nchi kavu, na Caminha anakubali waziwazi kwamba walimwelewa kuwa anasema dhahabu ipo kule kwa sababu ndivyo walivyotamani. Mwishowe vijana wale wakajilaza juu ya zulia, wakalala.

Merikebu moja ilirudishwa Lisbon na barua. Nyingine zikaelekea Rasi ya Tumaini Jema, ambako dhoruba ilizamisha nne, mojawapo ikiwa ya Bartolomeu Dias. Zilizobaki na Cabral, sita tu, zilitia nanga Kilwa mwezi Julai. Mazungumzo na sultani hayakuzaa kitu. Wakapita Malindi, walikopokewa vizuri, wakavuka hadi Calicut, na huko Caminha akauawa Desemba mwaka huohuo. Macho yaliyomtazama Mtupi akimwogopa kuku yaliitazama Kilwa miezi mitatu baadaye. Mwaka 1505 ikaja armada nyingine, ya Francisco de Almeida, ikapora Kilwa na kuchoma Mombasa. Ukisoma Brazil unasoma mkono mmoja ukishika sehemu mbili za dunia.

*Walichofuata.* Mwanzoni ni mti wenye rangi nyekundu ya kutia nguo, ambao ndio ulioipa nchi jina. Watupi walikata magogo, Wareno wakatoa mashoka na visu. Mwaka 1534 mfalme akaigawa pwani vipande 15 kwa watu wake. Vingi vilikufa, Pernambuco na São Vicente vikastawi. Mwaka 1549 gavana mkuu wa kwanza, Tomé de Sousa, akajenga Salvador, na sukari ikashika hatamu. Aliyewahi kuishi karibu na mashamba ya miwa atalielewa hili haraka: muwa ukishakatwa haungoji. Ukikaa siku mbili tatu bila kusagwa, maji yake yanachacha. Basi msimu wa mavuno kinu kinasaga usiku na mchana, moto chini ya masufuria hauzimwi, na watu hulala kwa zamu za saa chache. Kiu hiyo ya kazi isiyolala ndiyo iliyowamaliza Watupi waliotumikishwa, na ndiyo iliyofungua njia ya merikebu za Afrika.

*Wenyeji.* Hawakuwa na dola moja ya kupinduliwa. Vikundi vya Kitupi vilikuwa na uhasama wao, na kila Mzungu alijipatia upande: Wareno na Watupiniquim, Wafaransa wa ghuba ya Guanabara na Watupinamba, hadi Wafaransa walipofukuzwa mwaka 1567. Wajesuiti waliwakusanya wenyeji katika vijiji vya misheni, na mkusanyiko huo ulirahisisha kazi ya ndui ya 1562 na 1563. Lugha iliyotokana na Kitupi ikawa ya mawasiliano, ikasemwa na Wareno wenyewe na watoto wao kwa vizazi. Sisi wenye Kiswahili tunajua lugha ya pwani inavyoweza kutembea kuliko watu wake.

*Sauti.* Hapa Brazil ni dhaifu. Caminha, barua za Wajesuiti na hesabu za mashamba ndizo nyingi. Kutoka kwa wenyeji kuna barua chache za viongozi wa Wapotiguara za mwaka 1645, zilizoandikwa kwa Kitupi wakati wa vita vya Wareno na Waholanzi. Ni chache, lakini ni za mikono yao.

*Mwafrika.* Hakuna nchi iliyopokea wengi zaidi. Kuanzia karne ya 16 hadi katikati ya karne ya 19 waliteremshwa Brazil Waafrika wapatao milioni 4.8, wengi kutoka Angola, Kongo na Afrika Magharibi, na mwishoni wengi pia kutoka Msumbiji. Waliotoroka walijenga Palmares, msururu wa makazi huru yaliyodumu sehemu kubwa ya karne ya 17. Kiongozi wao wa mwisho, Zumbi, aliuawa tarehe 20 Novemba 1695, na siku hiyo bado inaadhimishwa Brazil.

*Njia ya kuingilia.* Kireno, ndiyo shida. Vitabu vya Kiingereza vipo ila ni vichache kuliko vya Meksiko au Virginia. Lakini kwa maneno uko nyumbani: nanasi na kanju asili yake ni Kitupi, na muhogo unaoula kwa chai ulitoka Amerika ya Kusini.

Inamfaa mtu wa pwani, mtafiti wa utumwa, na yeyote anayetaka kuona Atlantiki na Bahari ya Hindi katika ramani moja.

Virginia (1607 na baadaye)

*Walichofuata.* Huku aliyetangulia ni kampuni ya wanahisa wa London, yenye hati ya mfalme ya mwaka 1606. Watu 104, wanaume na wavulana, waliteremka Jamestown Mei 1607. Walitafuta dhahabu, wakakuta kinamasi na maji ya chumvi. Majira ya baridi ya 1609 na 1610 njaa iliwapukutisha hadi wakabaki kama 60 ngomeni. Kilichookoa hisa ni tumbaku, aliyoanza kuilima John Rolfe mwaka 1612 kwa mbegu kutoka makoloni ya Wahispania. Tumbaku huchosha udongo haraka, kwa hiyo kila baada ya miaka michache mkulima anataka shamba jipya. Anayelipia nauli ya mhamiaji anapewa ekari 50. Hesabu hiyo inaishia kwenye ardhi ya mwenyeji.

*Wenyeji.* Jamii zipatazo 30 chini ya Wahunsenacawh, ambaye Waingereza walimwita Powhatan. Chakula chake ndicho kilichowaweka hai miaka ya kwanza. Binti yake Pocahontas alikuwa na umri wa kama miaka 11 Waingereza walipofika, na kisa cha kumwokoa John Smith, mmoja wa viongozi wa Jamestown, asipondwe kichwa kwa rungu kilichapishwa na Smith mwenyewe mwaka 1624, miaka saba baada ya Pocahontas kufariki. Wanahistoria wengi hawakiamini. Yaliyo wazi ni haya: alitekwa na Waingereza, akaolewa na Rolfe mwaka 1614, akafa Gravesend, Uingereza, mwaka 1617. Tarehe 22 Machi 1622 Opechancanough, ndugu yake Powhatan, alishambulia makazi na kuua watu 347, na kutoka hapo Waingereza wakaona wana ruhusa ya kuwafukuza wenyeji kabisa.

*Sauti.* Kwenye karatasi ni Waingereza peke yao. Ardhi ndiyo iliyozungumza zaidi: wachimbaji walioanza mwaka 1994 waliipata ngome ya kwanza, na mwaka 2013 wakatangaza mabaki ya msichana wa miaka kama 14 yenye alama za kisu kwenye fuvu. Ile njaa ilifika huko.

*Mwafrika.* Agosti 1619, Waafrika 20 na ushei kutoka Angola waliteremshwa Point Comfort, baada ya kuporwa kutoka merikebu ya Wareno iliyokuwa ikielekea Veracruz. Tazama jinsi Wareno, Meksiko na Virginia wanavyokutana katika safari moja. Virginia ina faida hapa kwa sababu unaweza kuutazama utumwa ukijengwa sheria kwa sheria. Anthony Johnson, aliyeletwa mwaka 1621, aliwahi kuwa huru na mwenye ekari 250. Mwaka 1662 ikapitishwa sheria kwamba mtoto hufuata hali ya mama, na mlango ukaanza kufungwa.

*Njia ya kuingilia.* Rahisi kuliko zote: Kiingereza, na nyaraka nyingi ziko mtandaoni bure. Hatari yake ni kuisoma kinyumenyume, kana kwamba wale watu 104 wenye njaa walijua wanaanzisha taifa kubwa. Inamfaa mwanafunzi mwenye muda mfupi, msomaji aliyehamia Marekani, na anayetaka kujua ubaguzi wa rangi ulivyoandikwa katika sheria.

Quebec (1534, 1608 na baadaye)

*Walichofuata.* Jacques Cartier alipita mwaka 1534, akarudi 1535, akitafuta njia ya Asia, akaondoka na neno *kanata*, lenye maana ya kijiji, ambalo limekuwa Kanada. Aliyetia mizizi ni Samuel de Champlain mwaka 1608. Mali yao ilikuwa manyoya ya biva, mnyama wa mitoni ambaye manyoya yake yalitengenezewa kofia Ulaya. Biva haitaki mashamba wala vinu. Inataka wawindaji stadi na njia za mitumbwi, na vyote viwili vilikuwa mikononi mwa wenyeji.

*Wenyeji.* Basi Mfaransa alilazimika kuwa mgeni mwenye adabu, angalau kuliko wenzake. Majira ya baridi ya 1535 na 1536 watu wa Cartier walikuwa wakifa kwa kiseyeye, 25 kati ya 110, hadi Domagaya, kijana mwenyeji, alipowaonyesha mti ambao gome na majani yake huchemshwa na kunywewa. Wakapona katika siku chache. Cartier alimlipa fadhila hiyo kwa kumteka chifu Donnacona, baba yake Domagaya, akampeleka Ufaransa, akafia huko. Adabu ilikuwa na mipaka. Champlain naye alijiunga na Wawendat, Waalgonkini na Wainnu kupigana na Wamohawk mwaka 1609, akarithi uadui uliodumu karibu karne nzima, hadi amani kubwa ya Montreal ya 1701. Maradhi ya miaka ya 1630 yaliwapunguza Wawendat kwa nusu au zaidi, na mwaka 1649 taifa lao likatawanyika. Wafaransa wenyewe mwaka 1663 walikuwa kama 3,000 tu katika nchi yote ile.

*Sauti.* Wajesuiti walipeleka taarifa kila mwaka, zikachapishwa kuanzia 1632 hadi 1673. Ziliandikwa ili kuwavuta wafadhili, lakini ndani yake zimo hoja za Wawendat wakibishana na mapadri, tena mara nyingine wakiwashinda.

*Mwafrika.* Wachache, na wengi wa watumwa huko walikuwa wenyeji waliotekwa kutoka mbali. Ila kuna mtoto mmoja: Olivier Le Jeune, anayeaminika kuzaliwa Madagascar, akauzwa Quebec mnamo 1629, akafundishwa kusoma na Mjesuiti Paul Le Jeune, akafariki mwaka 1654. Kutoka Bahari ya Hindi hadi kwenye theluji, na hakufika miaka 40.

*Njia ya kuingilia.* Kifaransa. Kwa msomaji wa Lubumbashi, Goma au Bujumbura aliyesomeshwa kwa lugha hiyo, vyanzo viko wazi bila kusubiri tafsiri. Inamfaa anayependa habari za biashara, mapatano na mazingira. Anayetafuta historia ya Waafrika atabaki na njaa.

Sasa uchague kwa hali yako

Kama una mtihani karibu na maswali ni ya biashara ya pembetatu na mashamba makubwa, shika Brazil kwa sukari na Virginia kwa tumbaku. Linganisha mambo mawili tu, ardhi na nguvukazi, na usiongeze la tatu.

Kama wewe ni mwalimu na una kipindi kimoja cha dakika 40, chukua Meksiko na ule mchezo wa wakalimani. Ukiwa na muhula mzima, ongeza Quebec, kwa sababu inazuia wanafunzi kudhani kwamba kila mahali Mzungu alifika akashinda siku ileile.

Kama unaishi Marekani au Kanada na watoto wako wanarudi na masomo haya kutoka shuleni, anza na koloni la mahali mlipo. Watoto wataleta toleo la shule. Wewe uwe na jina la jamii iliyokuwa ikiishi kwenye ardhi hiyo kabla ya 1600, na uwaulize walienda wapi.

Kama unaandika hadithi au mchezo wa kuigiza, nenda pale sauti zilipo nyingi, nayo ni Meksiko. Kama unaandika tasnifu na unaweza kujifunza Kireno kwa miaka miwili, Brazil na Msumbiji zina kazi inayosubiri watu wanaoijua pwani kwa kuzaliwa.

Na kama una mwisho wa juma mmoja tu na hujui kama habari hii itakuvutia, tafuta tafsiri ya barua ya Caminha. Mwandiko wake ni kurasa 27, unaisha kwa kikao kimoja. Fika hadi mwisho, pale anapomaliza kueleza nchi mpya na watu wake, kisha anamwomba mfalme amrudishe mkwewe kutoka kisiwa cha São Tomé. Ukishaweka chini, fungua ramani uweke kidole Porto Seguro, pale Cabral alipotia nanga Brazil, ukizungushe kusini mwa Afrika, ukipandishe hadi Kilwa.